Je, Sydney Carton alijiua au alijitoa mhanga?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fasihi. Pamoja na wanafunzi wachache tunasoma nje ya vipindi riwaya ya Charles Dickens iitwayo A Tale of Two Cities. Tumefika mwisho na tumegombana. Kijana mmoja anashikilia kwamba Sydney Carton hakujitoa mhanga wowote: alikuwa mlevi, hana mke wala mtoto, maisha yalishamshinda, akapata njia ya kujiua kwa heshima. Wengine wanasema ni mapenzi tu. Nawajibuje kwa ushahidi wa kitabu chenyewe? Na hili la kufufuka linalorudiwa kila mara linaingiaje?

JIBU: Mwalimu, huyo kijana usimnyamazishe, maana amesoma. Ushahidi anao, na aliyempa ni Dickens mwenyewe. Katika Kitabu cha Pili, sura ya 4, usiku uleule Charles Darnay alipoachiwa na mahakama ya Old Bailey, Carton anamwambia usoni kwamba yeye hamjali mtu yeyote duniani na hakuna mtu duniani anayemjali yeye. Sura ya 5 inamwonyesha akimfanyia wakili Stryver kazi usiku kucha, kitambaa kilicholoweshwa maji kimefungwa kichwani ili pombe isimlaze. Alfajiri anarudi kwake, anajitupa kitandani na nguo zake, na mto unalowa machozi. Sura ya 13 anamwambia Lucie, mwanamke anayempenda, kwamba yeye ni kama mtu aliyekufa angali kijana. Ukiishia hapo, kijana wako ameshinda.

Lakini ameishia mapema. Sura hizo ni za mwaka 1780 na 1781, na Carton anauawa karibu na mwisho wa 1793. Katikati kuna miaka kama 12, na kuna Kitabu cha Tatu kizima ambamo mtu huyohuyo anafanya mambo ambayo mtu anayetafuta kufa hana haja nayo.

Kwa wasomaji ambao hawajaisoma, nieleze kwa ufupi. Dickens aliitoa riwaya hii kwa vipande vya kila wiki katika jarida lake, kuanzia tarehe 30 Aprili hadi 26 Novemba 1859. Ina sura 45 zilizogawanywa katika vitabu vitatu, na matukio yake ni ya London na Paris, tangu Novemba 1775 hadi miaka ya damu ya Mapinduzi ya Ufaransa. Daktari Manette alifungwa katika gereza la Bastille, Paris, karibu miaka 18 bila kesi. Binti yake Lucie anaolewa na Charles Darnay, Mfaransa wa ukoo wa kikabaila wa Evrémonde, aliyeukana ukoo huo na mali yake akaenda kujitafutia riziki Uingereza kwa kufundisha Kifaransa. Carton ni wakili mlevi aliyefanana sura na Darnay, naye pia anampenda Lucie. Mwaka 1792 Darnay anarudi Paris, anakamatwa, na mwishowe anahukumiwa kifo kwa makosa ya baba na baba yake mdogo. Carton anaingia chumba chake gerezani, wanabadilishana nguo, na Carton ndiye anayekatwa kichwa.

Sasa tuanze na maneno yetu wenyewe. Kiswahili kinatenganisha kujiua na kujitoa mhanga, ingawa pande zote mbili mtu anakufa kwa kutaka kwake. Mhanga ni wa kuchinjwa kwa ajili ya watu na kwa jambo lililopo. Hachinjwi kwa sababu amechoka kuishi. Kwa hiyo swali la kumpima Carton ni hili: kama ingepatikana njia nyingine ya kuwaokoa wale watu, angerudi nyumbani kwake akiwa hai? Kama angerudi, basi hakuwa akikitafuta kifo. Kitabu kinalijibu swali hili, ila kwa vitu vidogo ambavyo msomaji mwenye haraka huviruka.

Tazama mwisho wa sura ya 5 ya Kitabu cha Tatu. Ni usiku wa kuamkia kesi ya kwanza ya Darnay huko Paris. Bwana Lorry, mzee wa benki na rafiki wa familia, ana mgeni. Dickens hamtaji jina wala hamwonyeshi uso. Anatuonyesha koti la safari tu, limewekwa kwenye kiti, na mwenye koti hatakiwi kuonekana. Huyo ni Carton. Kesho yake Darnay anaachiwa huru, watu wanambeba mabegani kwa shangwe hadi nyumbani, na Carton hajitokezi. Baadaye, katika sura ya 8, anaeleza mwenyewe: alikubaliana na Lorry kwamba asionekane mpaka mambo yawe shwari, au mpaka atakapokuwa na faida kwa mtu. Yaani kama Darnay angebaki huru, Carton angepanda gari na kurudi London. Kibali cha kutoka mjini alikuwa nacho, kama sura ya 12 inavyoonyesha. Mtu anayesafiri kwenda kufa hana haja ya kibali cha kurudi.

Darnay hafikishi usiku huru. Anakamatwa tena jioni ileile, na kuanzia hapo Carton anafanya kazi. Nakushauri uwafanyie wanafunzi jedwali la saa kwa saa ubaoni, kwa sababu nguvu ya hoja iko katika mpangilio wenyewe.

Jioni hiyo anamkuta John Barsad, shushushu wa zamani wa Waingereza ambaye sasa ni mlinzi wa funguo katika gereza la Conciergerie na anawapeleleza wafungwa kwa niaba ya jamhuri ya wanamapinduzi. Anampeleka kwa Lorry na kumchezea karata, kama sura yenyewe inavyoitwa. Turufu zake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba Barsad alikuwa akilipwa na serikali ya Uingereza, jambo linalotosha kumpeleka kwenye gilotini, mashine ya kukatia watu vichwa. Ya pili ni kwamba mwenzake wa ujasusi, Roger Cly, anayedaiwa kufa na kuzikwa London, hakufa, na jeneza lake lilijazwa mawe na udongo. Barsad anasalimu amri mapema, lakini anasema wazi kwamba kumtorosha mfungwa haiwezekani. Carton hamwombi kumtorosha mtu. Anaomba kitu kimoja: kama kesi ya kesho itakwenda vibaya, aingizwe mara moja tu chumbani kwa Darnay. Neno "kama" ndilo la kumwonyesha kijana wako. Mpango wote umefungwa kwenye sharti.

Usiku huohuo anaingia duka la dawa. Anaandika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi na kumpa mwenye duka, ambaye anamfungia vipakiti vidogo na kumwonya asivichanganye, akimuuliza kama anayajua matokeo yake. Carton anajibu kwamba anayajua vizuri. Hukumu bado haijatolewa. Dawa imeshanunuliwa, mlango wa gereza umeshapatikana, na bado anatumaini havitahitajika.

Kesho yake Darnay anahukumiwa kifo ndani ya saa 24. Jioni Carton anaingia katika kilabu cha mvinyo cha akina Defarge, kwenye mtaa wa Saint Antoine, kiini cha wanamapinduzi. Anaagiza mvinyo kwa Kifaransa kibovu ambacho si chake, maana Kifaransa anakijua vizuri, kisha anajifanya kulisoma gazeti kwa taabu. Bibi Defarge anamtazama na kusema anafanana na Evrémonde. Wanafunzi wengi hudhani kujionyesha hapa ni uzembe. Ni kinyume chake. Carton anataka watu wale wajue kwamba mjini yumo Mwingereza mwenye sura hii, ili kesho Mwingereza mwenye sura hii akipita kwenye kizuizi cha mji asimshangaze mtu. Na kwa kukaa pale anasikia jambo ambalo hakuna mwenzake anayelijua: Bibi Defarge anataka pia vichwa vya Lucie, mtoto wake na Daktari mwenyewe. Bila dakika zile chache kilabuni, Darnay angeokolewa na mkewe angechinjwa siku chache baadaye.

Usiku wa manane anampa Lorry maagizo. Farasi wawe tayari saa nane mchana, wote wawe wameshakaa ndani ya gari, na wasingoje kitu chochote isipokuwa nafasi yake ijazwe. Kibali chake mwenyewe anamkabidhi Lorry. Lorry, mzee wa miaka karibu 78, anaahidi bila kujua anaahidi nini.

Siku ya tatu, saa saba mchana, anaingia chumbani kwa Darnay. Utekelezaji wa hukumu ni saa tisa. Anamvua Darnay viatu na kumvisha vyake, wanabadilishana tai na koti, anamtoa utepe wa nywele. Kisha anamketisha aandike barua anayomtajia neno kwa neno. Kuna sababu mbili. Barua ni ya Lucie, inamkumbusha maneno waliyoambiana zamani. Na mtu anayeandika huinamisha kichwa, asione mkono wa mwenzake ukitoka kifuani na dawa. Darnay anauliza ni mvuke gani huo, kalamu inadondoka, na baada ya purukushani fupi yuko chini. Barsad anawaita watu wawili wambebe "mgeni" aliyezimia kwa uchungu wa kumuaga rafiki.

Kwa nini lazima azimie? Kwa sababu angekataa. Alishasema kwamba wazo lolote la kutoroka ni wazimu. Hapa pana jambo zito ambalo ningependa darasa lako lilijadili, nalo ni kwamba Darnay hakuulizwa. Ameokolewa bila ridhaa yake, na ataishi na deni ambalo hakulikopa. Na usiku uliotangulia alikuwa ameandika barua za kuaga, kwa mkewe, kwa baba mkwe, kwa Lorry. Dickens anatuambia waziwazi kwamba hakumkumbuka Carton hata kidogo. Waswahili husema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Huyu alimfaa mtu ambaye hata hakumweka kwenye orodha.

Kuna ushahidi mwingine, mdogo kabisa, na kwangu ndio unaofunga kesi. Katika sura ya 12 tunaambiwa kwamba kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Carton hakunywa kileo kikali. Usiku uliopita alikuwa na brandi mkononi nyumbani kwa Lorry, akaimimina polepole kwenye jiko la moto, kama mtu aliyemalizana nayo. Fikiri mwenyewe. Anayejiua hahitaji kuacha pombe. Angeweza hata kunywa zaidi ili asiogope. Carton anaiacha kwa sababu kesho kuna kazi ya mikono isiyotetemeka: vipakiti visivyochanganywa, vifungo, utepe, saa nane kamili.

Mlinganishe na Darnay ili tofauti ionekane vizuri. Katikati ya Agosti 1792 Darnay anapata barua ya Gabelle, msimamizi wa zamani wa mali ya ukoo, aliyefungwa Paris na anayeomba msaada. Darnay anasukumwa na uaminifu wa kweli: yule mtu yuko hatarini kwa kumtumikia yeye. Lakini anaondoka bila kumwambia mkewe, anaacha barua mbili, hana mpango, hana mtu wa kumpokea, na sheria mpya dhidi ya waliokimbia nchi anazikuta njiani. Nia ni njema kabisa. Matokeo yake ni kwamba mke, mtoto mdogo, baba mkwe mzee na yaya wanamfuata hadi kwenye mdomo wa gilotini. Dickens hamlaumu kwa sauti, lakini ameweka safari mbili za kujitoa ndani ya kitabu kimoja, na ni moja tu iliyopigiwa hesabu.

Kwa wale wanaosema ni mapenzi tu: wako karibu, ila wamelibana jambo. Ahadi ya Carton mwaka 1781 ilikuwa kwa Lucie na kwa yeyote aliye mpenzi wa Lucie. Baada ya hapo alikuwa akifika nyumbani kwao Soho pengine mara sita kwa mwaka, bila kualikwa. Mtoto wao wa kike alipokuwa mchanga, mgeni wa kwanza aliyemnyooshea mikono alikuwa Carton. Wakapata pia mtoto wa kiume, akafa angali mdogo, na karibu na mwisho wake akaomba "maskini Carton" apigwe busu kwa niaba yake. Kwa hiyo, anapokuwa kwenye foleni ya mauti na binti mshonaji nguo akamnong'oneza kama anakufa kwa ajili ya yule mtu, jibu lake si ndiyo peke yake. Anaongeza: na mke wake na mtoto wake. Nyumba nzima imo. Yule aliyesema hakuna duniani anayemjali ana nyumba ya kufia.

Binti huyo mshonaji msimpite haraka. Ana umri wa miaka kama 20, anashitakiwa kwa njama asizozielewa, katika majira ambayo sheria ya washukiwa ya Septemba 1793 ilitosha kumfunga mtu kwa kushukiwa tu. Aliwahi kufungwa pamoja na Darnay katika gereza la La Force, na ndiye pekee anayemtazama Carton kwa karibu na kugundua kwamba si yeye. Angepiga kelele, mpango wote ungeporomoka. Badala yake anaomba amshike mkono. Siku hiyo wanauawa watu 52. Yeye ni wa 22, Carton ni wa 23. Carton amekuja kuokoa watu fulani, na dakika zake za mwisho anazitumia kumtuliza mtu asiyemjua, ambaye hawezi kumwokoa. Anamgeuza binti mgongo uelekee gilotini ili asiione. Hapo hakuna sifa ya kutafuta, kwa sababu hakuna anayejua jina lake.

Sasa kufufuka. Lugha yetu inasaidia hapa kuliko Kiingereza. Sisi tuna kufufua, kufufuka na kufufuliwa, na herufi moja pembeni tuna kufukua. Riwaya hii yote inatembea kati ya kufufua na kufukua.

Kitabu cha Kwanza jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Aliyerudishwa Uhai". Lorry, ndani ya gari la usiku kwenda Dover, anaota anazungumza na mtu aliyezikwa. Umezikwa muda gani? Karibu miaka 18. Je, unataka kuishi? Na jibu ni kwamba hawezi kusema. Jibu hilo libebeni hadi mwisho wa kitabu. Aliyetolewa kaburini hatamani uhai papo hapo. Manette anapopatikana katika chumba cha darini, anashona viatu, na akiulizwa jina anasema Mia na Tano, Mnara wa Kaskazini. Jina limekwisha, imebaki namba ya chumba. Hajifufui. Anafufuliwa, kidogo kidogo, na sauti ya binti yake na nywele zake zinazofanana na nyuzi chache alizozihifadhi shingoni miaka yote.

Na kufufuliwa kwake si kwa mara moja. Hapa wasomaji hukosea sana, wakadhani habari yake inaisha Kitabu cha Kwanza. Siku ya harusi, baada ya Darnay kumwambia jina lake halisi la ukoo, Daktari anarudi kwenye benchi la kushonea viatu kwa siku tisa. Lorry hamkemei. Anangoja apate fahamu, kisha anamweleza ugonjwa huo kana kwamba ni wa rafiki yao mwingine, na kumwomba ushauri wa kitabibu, mpaka Daktari mwenyewe anakubali kwa shingo upande kwamba benchi liondoke. Anapokuwa safarini, Lorry anaingia chumbani usiku na shoka dogo, msumeno, patasi na nyundo, Bi Pross, yaya wa Lucie, akimshikia mshumaa, na wanalikatakata kama watu wanaofanya mauaji. Mbao zinachomwa jikoni, na vifaa, viatu na ngozi vinazikwa bustanini. Huo ndio uaminifu wa Lorry ambao wanafunzi huuona mkavu kwa sababu anajiita mtu wa biashara: hana maneno, ana shoka na subira.

Huko Paris, Daktari anapata maisha ya tatu. Kuwa mfungwa wa Bastille sasa ni heshima, na anatumia heshima hiyo kumlinda mkwe wake kwa mwaka mmoja na miezi mitatu, akawa daktari wa magereza matatu. Mateso yaliyomvunja yamekuwa nguvu. Halafu kinakuja kitu kilichofukuliwa.

Tarehe 14 Julai 1789, Bastille ilipovamiwa, Defarge alikwenda moja kwa moja Mia na Tano, Mnara wa Kaskazini. (Katika historia ya kweli gereza hilo siku hiyo lilikuwa na wafungwa saba tu. Dickens alihitaji chumba kitupu, na alikipata.) Ndani ya bomba la moshi palikuwa na waraka ambao Manette aliuandika Desemba 1767 kwa masizi yaliyochanganywa na damu. Unaeleza jinsi ndugu wawili wa Evrémonde walivyoiangamiza familia moja ya wakulima, na unamalizia kwa laana juu yao na kizazi chao hadi wa mwisho. Waraka huo ndio unaosomwa mahakamani na kumhukumu Darnay. Baba anasikia maandishi yake mwenyewe yakimuua mume wa binti yake. Usiku huo anarudi nyumbani akiuliza benchi lake liko wapi, na sasa halipo tena. Mtu aliyefufuliwa ameuawa na kilichofukuliwa.

Bibi Defarge naye msimfanye shetani, maana mkimfanya shetani mnapoteza nusu ya riwaya. Ni mdogo wa yule mwanamke wa kwenye waraka. Dada, kaka, baba, shemeji, wote wamekufa kwa mikono ya Evrémonde. Uaminifu wake kwa wafu wake hauna doa, na miaka yote amekuwa akifuma majina ya maadui kwa mishono anayoielewa mwenyewe. Mumewe, aliyewahi kuwa mtumishi wa Manette, anasema lazima pawe na mahali pa kuishia. Yeye anasema mwisho ni kuangamiza. Tofauti yake na Carton haiko katika ukubwa wa uaminifu. Yeye anawafukua wafu ili wadai, na hana hata mmoja aliye hai anayemlinda. Ndiyo sababu anashindwa na Bi Pross, yaya aliyezeeka ambaye hajui Kifaransa. Huyo ana watu walio hai wa kuwapatia muda, na anauzuia mlango wa chumba kitupu mpaka bastola ya Bibi Defarge inapolipuka kati yao. Bi Pross anabaki kiziwi hadi kufa. Hiyo nayo ni kafara, na kwa kawaida mitihani haiitaji.

Jerry Cruncher, tarishi wa benki, usiku hufukua maiti na kuziuza kwa madaktari, biashara iliyokuwapo kweli Uingereza mpaka sheria ya mwaka 1832 ilipoikata mizizi. Wengine humwona kama kichekesho cha pembeni. Lakini ni yeye aliyelifukua jeneza la Cly na kukuta mawe, na ushahidi wake ndio turufu ya pili ya Carton. Mimi naona ndugu wa Bi Pross kuwa ndiye Barsad ni sadfa nzito mno, Dickens kalazimisha. Hili la Jerry limefumwa vizuri.

Na Carton? Usiku wa duka la dawa, akitembea peke yake, anakumbuka maneno yaliyosomwa kwenye mazishi ya baba yake, yale ya Yohana 11:25 kuhusu ufufuo na uzima. Dickens hamfanyi mlokole ghafla. Maneno yanamjia na hatua zake, yanapotea, yanarudi. Njiani anamkuta mtoto wa kike na mama yake wakitafuta pa kuvukia tope. Anambeba mtoto, anamvusha, na kabla hajamshusha anamwomba busu. Mtu aliyejiita maiti tangu ujana anafufuliwa siku chache kabla ya kufa, na anayemfufua ni huyu wa kuvushwa tope, ni Lorry anayemsikiliza, ni mtoto mdogo wa Lucie anayemwomba awasaidie. Kwa hiyo mwambie kijana wako: anaposema Carton alikuwa ameshakufa, yuko sahihi kwa Kitabu cha Pili. Anayepanda mkokoteni katika Kitabu cha Tatu ni mtu aliye hai.

Kwa kipindi cha dakika 80 ningewapa sura ya 13 ya Kitabu cha Pili na sura za 9, 12 na 13 za Kitabu cha Tatu, kwa mpangilio huo, na nusu ya darasa itetee hoja ya kujiua. Wazuie wasianze na maneno maarufu ya mwisho kuhusu jambo bora kuliko yote aliyowahi kufanya. Maneno hayo Dickens hasemi Carton aliyatamka, anasema angeyatamka kama angepewa nafasi, na mwanafunzi akianzia hapo anaandika mahubiri.

Mwishoni kabisa wasome ukurasa wa kizuizi cha mji, ule wa sura ya 13 ambapo gari linasimamishwa na askari anasoma hati kwa sauti. Alexandre Manette, tabibu. Lucie, binti yake. Lucie, mtoto wake. Sydney Carton, wakili, Mwingereza: ni yupi huyo? Anaonyeshwa mtu aliyezimia kwenye kona ya gari. Hati zinagongwa sahihi. Wakati huohuo, huko gerezani, Evrémonde anaitwa kwa jina na kuitika, na kwenye daftari la jamhuri ukoo ule unafika kwa wa mwisho wake, kama waraka wa 1767 ulivyotaka. Waulize wanafunzi wako, kila mmoja aandike jibu lake peke yake kabla ya kusikia la mwenzake: pale kizuizini, nani amekufa na nani amepita?